Haki ya Kupiga Kura kwa Mahabusu na Wafungwa: Sheria Inavyosema na Mambo ya Kuzingatia

Kuanzia tarehe 5 hadi 11 Agosti 2024, wananchi wa Kata ya Kanazi na kata nyingine za Wilaya ya Ngara walifika katika vituo vya kuandikisha wapiga kura, sawa na wenzao wa Biharamulo na mkoa mzima wa Kagera. Walikuwepo vijana waliotimiza umri, watu waliohama makazi, na wengine ambao kadi zao zilipotea au kuharibika. Kundi moja la Watanzania halikuweza kusimama katika mistari ile, nalo ni la watu walio chini ya ulinzi wa Jeshi la Magereza. Katika jamii imejengeka imani kwamba mtu akishavuka lango la gereza, haki yake ya kupiga kura huwa imekoma hapo hapo. Imani hiyo haina msingi katika Katiba, na kwa mtu ambaye hajahukumiwa haijapata kuwa na msingi hata katika sheria ya uchaguzi.

Ibara ya 5(1) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila raia aliyetimiza umri wa miaka 18 haki ya kupiga kura katika uchaguzi unaofanywa na wananchi. Haki hiyo haikuachwa bila mipaka. Ibara ndogo ya (2) inaliruhusu Bunge kutunga sheria ya kumzuia raia kuitumia kwa sababu zilizotajwa: kuwa na uraia wa nchi nyingine, ugonjwa wa akili, kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai, au kushindwa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji. Nje ya sababu hizo, sheria ya kawaida haina mamlaka ya kumwondolea raia kura yake. Kuwekwa rumande hakumo katika orodha hiyo.

Mahabusu na mfungwa

Katika mazungumzo ya kila siku maneno “mahabusu” na “mfungwa” hutumika kana kwamba ni neno moja. Kisheria yana maana mbili tofauti kabisa. Mahabusu ni mtu anayesubiri kesi yake isikilizwe au imalizike, ama kwa sababu kosa analoshitakiwa halina dhamana, ama kwa sababu hajatimiza masharti ya dhamana aliyopewa. Mfungwa ni yule ambaye mahakama imemtia hatiani na kumpa adhabu ya kifungo. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia. Kwa hiyo mahabusu amepungukiwa na uhuru wa kutembea, lakini bado anahesabika kuwa hana hatia, na kura yake ni sehemu ya mambo ambayo hajaondolewa.

Uzito wa tofauti hii huonekana zaidi kwa makosa yasiyo na dhamana. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinazuia dhamana kwa mashitaka kama mauaji, uhaini, unyang’anyi wa kutumia silaha na utakatishaji wa fedha haramu. Uhalali wa kifungu hicho ulipingwa mahakamani, na Agosti 2020 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hakikiuki Katiba. Matokeo yake ni kwamba mtu anayeshitakiwa kwa kosa la aina hiyo hukaa mahabusu kwa muda wote wa upelelezi na usikilizwaji, hata kama mwishowe ataonekana hana hatia.

Chukua mfano wa mkulima wa Kanazi anayetuhumiwa kwa mauaji baada ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Shauri lake huanzia katika mahakama wilayani, kisha hupelekwa Mahakama Kuu, ambayo masjala yake kwa Mkoa wa Kagera iko Bukoba. Upelelezi unaweza kuchukua miezi mingi, na katika muda huo uandikishaji unaweza kupita, kampeni zikaisha na kura zikahesabiwa. Mwaka unaofuata Mahakama Kuu ikimwachia huru, atarudi nyumbani akiwa na haki zake zote isipokuwa ile kura, ambayo hakuna amri ya mahakama inayoweza kuirudisha nyuma. Mfano huu ni wa kufikirika, lakini kila hatua yake inatokana na utaratibu wa kawaida wa mashauri ya jinai nchini.

Kwa sababu hiyo sheria za kimataifa zimelitazama kundi la mahabusu kwa namna ya pekee. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976, na ibara ya 25 ya mkataba huo inalinda haki ya kupiga kura. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, ambayo husimamia utekelezaji wake, imeifafanua ibara hiyo kwa kusema kwamba mtu aliyenyimwa uhuru lakini hajatiwa hatiani asizuiwe kupiga kura.

Miezi sita na shauri la mwaka 2022

Kwa mfungwa mjadala ni mgumu zaidi. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 1985, ambayo baadaye ilijulikana kama Sura ya 343, ilieleza katika kifungu cha 11(1)(c) kuwa mtu aliyehukumiwa kifo, au anayetumikia adhabu ya kifungo kinachozidi miezi sita, hana sifa ya kuandikishwa. Kipimo kilikuwa urefu wa adhabu peke yake. Mtu aliyeiba mbuzi na kufungwa miezi saba aliwekwa kundi moja na aliyeua kwa kukusudia. Hesabu pia ilifuata adhabu iliyotolewa na mahakama, wala haikuangalia muda uliobaki. Aliyehukumiwa miaka miwili akabakiza wiki tatu kutoka aliendelea kuzuiwa mpaka siku ya kutoka.

Mwaka 2022 kifungu hicho kilipingwa katika Mahakama Kuu, jijini Dar es Salaam, na Tito Magoti na John Tulla dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hoja ya msingi ilihusu maneno ya Katiba yenyewe. Ibara ya 5(2)(c) inazungumzia kutiwa hatiani kwa “makosa fulani ya jinai”, maana yake makosa yanayotajwa. Sheria ya uchaguzi haikutaja kosa hata moja, bali ilitaja idadi ya miezi na kuyafunika makosa yote kwa blanketi moja. Katika hukumu yake ya Desemba 2022, Mahakama ilikitangaza kifungu cha 11(1)(c) kuwa kinakinzana na Katiba.

Ni vema hukumu hiyo ieleweke kwa kadiri yake. Haikusema kwamba kila mfungwa lazima apige kura. Bunge bado lina mamlaka, chini ya ibara ya 5(2)(c), ya kuyataja makosa ambayo mtu akitiwa hatiani kwayo atapoteza haki hiyo kwa muda. Kilichokataliwa ni njia ya mkato ya kupima kwa miezi. Tofauti hiyo ina maana kubwa, kwa sababu Bunge linapolazimika kutaja makosa hulazimika pia kutoa sababu ya kila moja, na wananchi hupata nafasi ya kuhoji kwa nini kosa hili limo na lile halimo.

Baada ya hukumu hiyo mfumo mzima wa sheria za uchaguzi ulifanyiwa mabadiliko. Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 ya mwaka 2024 ilichukua nafasi ya sheria ya zamani, na Sheria Na. 2 ya mwaka huo ikaanzisha Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi kwa jina na muundo wake wa sasa. Zote mbili zilianza kutumika tarehe 12 Aprili 2024. Miezi michache baadaye, tarehe 20 Julai 2024, uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulizinduliwa mkoani Kigoma na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, kisha ukasambaa mikoani kwa mizunguko.

Vituo ndani ya magereza

Katika uboreshaji huo wa mwaka 2024/2025 Tume ilitangaza kuweka vituo 130 vya kuandikisha wapiga kura katika magereza ya Tanzania Bara, na vituo 10 katika Vyuo vya Mafunzo, jina ambalo magereza huitwa kwa upande wa Zanzibar. Walengwa walitajwa kuwa mahabusu pamoja na wafungwa wanaotumikia kifungo cha chini ya miezi sita. Hii ilikuwa hatua kubwa. Kabla ya hapo mahabusu alikuwa na haki kwenye karatasi, lakini hakuwa na mlango wa kuifikia: hakuweza kutoka kwenda kituoni, wala kituo hakikumfuata alipo.

Msomaji makini atatambua mambo mawili. La kwanza ni kwamba kipimo cha miezi sita, ambacho Mahakama Kuu ilikikataa mwaka 2022, kiliendelea kuonekana katika maelezo ya nani aandikishwe. Mjadala wa namna ya kuyataja makosa badala ya miezi kwa hiyo bado haujafungwa. La pili ni dogo kwa macho lakini si dogo kwa anayehusika. Sheria ya zamani ilimzuia mwenye kifungo “kinachozidi” miezi sita, ilhali maelezo ya uandikishaji yalimtaja mwenye kifungo cha “chini ya” miezi sita. Aliyehukumiwa miezi sita kamili anaingia katika maneno ya kwanza na kuachwa nje na ya pili. Mwenye ndugu aliye katika hali hiyo hapaswi kutegemea neno lililosikika redioni au mtaani. Aulize kwa ofisi ya Afisa Mwandikishaji, na ombi lake lijibiwe kwa kifungu cha sheria au kanuni inayotumika.

Kituo ndani ya gereza hakimalizi kila kazi. Mpiga kura hupiga kura katika kituo alichoandikishwa, na Daftari humfuata mtu kwa kituo. Mwananchi aliyeandikishwa Kanazi kabla ya kukamatwa, kisha akawekwa mahabusu Bukoba, jina lake linabaki katika orodha ya Kanazi mpaka taarifa zake zihamishwe rasmi. Kwa aliye huru, kuhamisha taarifa ni kazi ya siku moja. Tume hata iliweka mfumo wa mtandao unaomruhusu mtu kuanza hatua hiyo kwa simu kabla ya kufika kituoni. Mahabusu hana simu. Kadi yake mara nyingi imebaki nyumbani, katika sanduku au kwenye bahasha ya vyeti, na siku ya kukamatwa hakuna anayefikiria kuichukua.

Ndugu wanaweza kusaidia hapo. Wanapokwenda kumtembelea, wamuulize kama aliwahi kuandikishwa na wapi, waitafute kadi, na wapate maelekezo ya uongozi wa gereza kuhusu namna ya kuiwasilisha. Mahabusu anayeulizwa na maofisa wa uandikishaji kama ana kadi ajibu ukweli, kwa kuwa kujiandikisha zaidi ya mara moja ni kosa la jinai. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miezi sita na kisichozidi miaka miwili, au faini isiyopungua shilingi 100,000 na isiyozidi shilingi 300,000, au vyote kwa pamoja. Lingekuwa jambo la kusikitisha mtu aachiwe kwa kesi iliyompeleka mahabusu, kisha afungwe kwa kuandikishwa mara ya pili akidhani anatimiza wajibu wake.

Jirani zetu walivyopita njia hii

Nchini Kenya suala hili lilianzia katika gereza la Shimo la Tewa, Mombasa. Kwa niaba ya wafungwa wa gereza hilo, shauri lilifunguliwa katika mahakama maalumu iliyoshughulikia migogoro ya kutunga Katiba mpya, na mwaka 2010 wafungwa wakaruhusiwa kupiga kura katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti. Katiba iliyopitishwa siku hiyo haikuweka kifungo cha kawaida kuwa sababu ya kumzuia mtu kuandikishwa; aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi ndiye anayezuiwa, kwa miaka mitano. Hata hivyo ilichukua mpaka Agosti 2017 kwa wafungwa kupiga kura katika uchaguzi mkuu. Kufikia uchaguzi wa Agosti 2022, daftari la Kenya lilikuwa na wapiga kura 7,483 walioandikishwa magerezani.

Wafungwa wa Kenya humpigia kura Rais pekee, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa sababu inagusa hata gereza la wilaya ndogo. Gereza hukusanya watu kutoka majimbo mengi. Wakimchagua diwani wa kata ambamo gereza limejengwa, wageni mia kadhaa wanaweza kuamua nani awawakilishe wakazi ambao hawajuani nao, hasa pale ambapo diwani hushinda kwa tofauti ya kura chache. Wakinyimwa kura ya mbunge na diwani, wanapoteza uwakilishi wa nyumbani kwao. Njia ya tatu, kupeleka karatasi za kura za kila jimbo katika kila gereza, ni ya haki zaidi lakini ina gharama kubwa na inahitaji utunzaji makini wa masanduku. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyopata jibu lisilo na kasoro.

Nchini Uganda, Mahakama Kuu iliamua Juni 2020, katika shauri lililofunguliwa na Steven Kalali, kwamba wafungwa na raia walio ughaibuni wana haki ya kupiga kura. Uamuzi ni jambo moja na karatasi ya kura mkononi ni jambo jingine; uchaguzi wa Januari 2021 ulipita bila wafungwa kupata vituo. Afrika Kusini ilitangulia kwa mbali. Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo iliamua mwaka 1999 kwamba tume ya uchaguzi ina wajibu wa kuwaandikisha wafungwa. Bunge lilipojaribu kuwazuia wafungwa waliohukumiwa kifungo bila fursa ya kulipa faini, Mahakama hiyo hiyo ilibatilisha zuio hilo mwaka 2004. Hata Uingereza, ambayo sheria yake huzuia takribani wafungwa wote waliohukumiwa, huwaruhusu mahabusu kupiga kura, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ililiona zuio hilo la jumla kuwa limepita kiasi katika shauri la Hirst la mwaka 2005.

Suala la uraia mpakani

Kwa Ngara kuna jambo jingine ambalo wilaya za ndani ya nchi hazikutani nalo kwa kiwango hicho. Wilaya hii inapakana na Rwanda na Burundi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya takribani saa 24 wakikimbia Rwanda, na kambi ya Benaco ikageuka mji kwa siku chache. Kumbukumbu hiyo, pamoja na undugu wa damu na lugha uliopo pande zote za mpaka, hufanya swali la uraia liulizwe kwa ukali zaidi hapa kuliko Dodoma au Lindi. Mwananchi huru akiulizwa anaweza kurudi kijijini kuleta cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa au barua ya Afisa Mtendaji. Mahabusu hawezi. Na ibara ya 5(2)(d) ya Katiba inaifanya kukosa uthibitisho wa uraia kuwa sababu halali ya kumzuia mtu.

Familia ya mahabusu mwenye umri wa kupiga kura kwa hiyo hufanya vema ikihifadhi nyaraka zake pamoja na kuzitoa nakala mapema, kwa ajili ya shauri lake na kwa ajili ya Daftari pia. Kwa upande mwingine, mtu asiye raia haipati haki hii kwa kuwa tu kituo kimewekwa gerezani. Sheria inaruhusu pingamizi dhidi ya jina lolote lisilostahili kuwemo, na jina lililoandikishwa gerezani halina kinga ya pekee.

Anayetoka gerezani

Zuio lililokuwepo katika sheria ya zamani lilimhusu mtu anayetumikia adhabu, na halikumfuata baada ya kumaliza kifungo. Aliyemaliza hahitaji msamaha wa Rais wala barua ya mtu yeyote ili arudi katika Daftari. Anachohitaji ni kuhakikisha kama jina lake bado lipo, kwa sababu uboreshaji wa Daftari huambatana na kuwaondoa waliopoteza sifa, na aliyekuwa akitumikia kifungo kirefu anaweza kukuta jina halipo.

Sheria inaitaka Tume iliboreshe Daftari mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Baada ya Uchaguzi Mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, mizunguko hiyo miwili itapangwa kabla ya uchaguzi wa mwaka 2030, na ratiba ya kila mkoa hutangazwa mapema. Uandikishaji wa uchaguzi wa viongozi wa vijiji na vitongoji ni zoezi jingine, lenye orodha yake na kanuni zake chini ya TAMISEMI. Aliyejiandikisha kwenye orodha ile Oktoba 2024 hakuwa ameingia katika Daftari la Kudumu. Orodha ya awali ya Daftari inapowekwa wazi kwa ukaguzi, mkazi wa Kanazi aliyetoka gerezani, au ndugu wa aliye ndani, anaweza kwenda kulitafuta jina na kuomba marekebisho kabla muda wa pingamizi haujafungwa.